Kuku Aliyefungwa Mguu Pamoja Nami

Mwaka 1993, nikiwa na miaka thelathini na minne, nilivunjika mguu wa kulia kwa kujitakia. Naanza hapo kwa sababu watu hupenda kusema ni jirani, ni jicho la mtu. Hapana. Nilipanda waya mwenyewe, mchana kweupe, Jumatatu ya Pasaka, na nilikuwa nacheka.

Kabla ya hapo nilikuwa mzima kama jiwe. Shule niliishia darasa la pili, Kiberege, baba alipofariki. Nimekua kwa jembe la mashamba ya watu. Baadaye nikajifunza kupasua mbao, nikahamia Mngeta na mke wangu, Mama Tumaini. Kazi ilikuwa juu milimani, msituni. Mwenzangu wa msumeno alikuwa shemeji yangu Kasiani, mdogo wake mke wangu. Yeye anavuta chini, mimi navuta juu. Siku nzima tunatukanana kishemeji, na mbao zinatoka zimenyooka.

Shida ilikuwa kuziteremsha, maana katikati kuna korongo. Tajiri wetu akafunga waya mnene wa chuma kutoka mti wa ng'ambo hii hadi mti wa ng'ambo ile, juu ya vilele vya miti. Mbao inaning'inizwa kwa mnyororo kwenye kapi, kigurudumu kinachokimbia juu ya waya, halafu inaachiwa. Nyuma ina kamba. Mtu anaishika hiyo kamba na kuilegeza polepole, mbao isije ikajibamiza kule mwisho. Kila siku mbao ziliruka, na sisi tukashuka korongoni kwa miguu kama siafu.

Siku hiyo ya sikukuu hatukufanya kazi. Mvua ilikuwa imepumzika. Mama Tumaini alipanda kutoka kijijini na wali na nyama ya nguruwe ya kukaanga. Tukala mpaka mikanda ikalegea. Kasiani, bado anatafuna, akaanza uchokozi.

"Shemeji, kati yako na mbao nani ana akili?"

"Mimi."

"Basi mbona mbao inaruka na wewe unatambaa?"

"Kasiani, mwache mume wangu," akasema Mama Tumaini.

"Dada, watu wa mjini sikukuu wanakwenda matembezi. Na mimi namtembeza shemeji. Au anaogopa? Kama anaogopa aseme, nimletee kanga yako ajifunge."

Mtu mwenye akili angecheka akaendelea kula. Mimi nilikalia kipande cha ubao, nikajifunga mnyororo, nikamwambia, "Achia."

Nitasema ukweli, kulikuwa kuzuri. Msitu niliokuwa nautazama kutoka chini miaka yote, siku hiyo niliuona utosi wake. Niliona maua mekundu juu ya miti ambayo sisi tulijua inatoa uozo tu, kwa sababu maua yake hutufikia yakiwa yameshaoza. Niliona mbega wamepakata watoto, wananikodolea macho kama mtu aliyeingia nyumbani kwao bila hodi. Nikapiga kelele za furaha. Sijajuta kuona kule mpaka leo.

Halafu kapi likaanza kulia sauti nyembamba. Mwendo ulikuwa umezidi. Nyuma nikamsikia Kasiani, "Kamba! Kamba inateleza!" Mikono yake ilikuwa imejaa mafuta ya nguruwe. Hakunawa. Mti wa ng'ambo ulinijia kama fahali, nikatanguliza mguu. Nilisikia mlio kama kuni kavu ikivunjwa kwa goti. Muundi ulikuwa umekatika, na unyayo ukatazama upande.

Walinibeba kwa machela ya miti hadi Mngeta, kwa Bibi Kalista, fundi wa kuunga mifupa, aliyeheshimiwa na kila mtu. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," meno yananigongana. Akasema, "Marahaba, mjukuu wangu. Uma kitambaa." Akavuta. Nililia, sifichi. Akapaka dawa, akapanga vijiti vya mianzi, akafunga kwa kamba za magome, akakaza kwa goti lake.

Kisha akaomba kuku. Mama Tumaini akamletea tetea mwekundu. Bibi akamvunja mguu, akamfunga vijiti na kamba vilevile kama mimi. Akasema, "Siku kuku huyu atakapotembea, nawe utatembea. Mlisheni vizuri."

Nikalala kwangu, kuku kwenye tenga nje ya mlango. Siku za kwanza maumivu yalinila kama moto. Mguu ulivimba mpaka kamba zikazama kwenye nyama. Kasiani alisema tulegeze. Nikamfukuza. "Wewe uliyeshindwa kushika kamba moja, leo unajua kamba?" Akatoka, akaenda kumlisha kuku.

Halafu asubuhi moja maumivu yakakata. Kabisa. Nilibonyeza vidole vya mguu nisisikie kitu, kama nabonyeza vidole vya mtu mwingine. Nikafurahi sana. Nikamwita mke wangu. "Mama Tumaini, napona! Hebu mtazame kuku."

Akatoka. Alikaa huko muda, nikamsikia anamwita Kasiani. Aliporudi alikuwa anajifuta mikono kwenye kanga. Akafunua shuka, akautazama mguu wangu, akafunika.

"Anasimama," akasema. "Ameanza kutembea."

"Si nilikwambia!"

"Bibi anasema twende Ifakara upigwe picha tu, waone mfupa umeshikaje. Treni inapita leo."

Sikutaka. Nilisema mtu aliyepona haendi hospitali. Lakini Kasiani alishafika na machela, na mtu wa mguu mmoja habishani na wabebaji. Barabara ilikuwa tope tupu wakati ule, gari halipiti. Ndani ya treni watu walihama benchi letu. Nikadhani wanaogopa kunigonga mguu. Kumbe nilikuwa nanuka.

Hospitali daktari alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye haraka. Alikata zile kamba kabla hata sijamaliza kumsalimu. Akanichoma vidole kwa sindano.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu, daktari. Nimepona."

Akanitazama. "Bwana, anayesikia maumivu ndiye anayeelekea kupona. Mguu wako unakufa. Damu haifiki. Tutajaribu kuuokoa, lakini mguu ukikataa kurudi, tunakata hapa." Akaonyesha chini ya goti.

"Hukati," nikamwambia. "Kuku wangu anatembea."

Mama Tumaini akainama chini. Akasema taratibu, "Daktari, jaribu."

Wakanichana ngozi pande zote mbili za muundi. Usaha ulitoka, na damu nyeusi. Nikalala nikiutazama mguu kama mtu anayetazama mlango, anayeingia atakuwa nani. Siku ya pili au ya tatu, sikumbuki, muuguzi alikuwa anaosha kidonda, mara nikapiga yowe wodi nzima ikageuka. Ilikuwa kama kuchomwa kisu cha moto unyayoni. Muuguzi akacheka kwa furaha, akakimbia kumwita daktari. Daktari akabonyeza, nikamtukana. Akasema, "Endelea kunitukana, bwana. Umerudi."

Vidole viwili havikurudi. Walivikata. Mfupa wakaufunga kwa plasta ngumu yenye dirisha la kuoshea kidonda. Miezi ikapita. Nikasimama kwa magongo, jasho linanitoka, nikajiambia, kuku ametangulia, mimi nashindwaje?

Niliporudi Mngeta, neno la kwanza nilisema, "Kuku wangu yuko wapi?"

Kasiani akaangalia paa.

"Shemeji, kuku wako alikufa asubuhi ileile ulipoacha kuumwa."

Nikamgeukia mke wangu. Akasema, "Baba Tumaini, nilimkuta mguu mweusi, wa baridi, umeoza ndani ya kamba. Nikarudi nikautazama wako. Ulikuwa rangi ileile. Ningekwambia amekufa, ungegeukia ukuta ufe naye. Na ningekwambia hospitali kwa sababu ya kuoza, ungebisha mpaka treni iondoke. Nakujua."

Nikacheka mpaka magongo yakaanguka.

Bibi Kalista alikuja kunipa pole. Tangu hapo mgonjwa wake akisema hasikii vidole, alilegeza kamba palepale na kumwambia akimbilie Ifakara. Simlaumu. Alifunga kwa nguvu kwa sababu alitaka nipone.

Msumeno wa kuvuta sikuuweza tena. Nikajifunza kunoa misumeno ya wengine nimekaa, mpaka nikajulikana bonde zima. Kwa kazi hiyo nikahamia Ifakara.

Sasa wewe uliyelala mahali na mguu umefungwa, sikia. Maumivu yakikata ghafla, usifurahi. Jibonyeze vidole. Kama husikii, piga kelele upelekwe hospitali leo, si kesho. Na kama mkeo anakudanganya ili upande treni, panda.

Namshukuru Mungu, yule daktari mfupi, na Kasiani aliyebeba machela. Siku hizi hunawa mikono hata kabla ya kusali.

Leo ninazo: nyumba ya bati vyumba vinne, Katindiuka, hapa Ifakara. Shamba la mpunga. Mashine ya kukoboa. Ng'ombe wawili wa kukokota jembe. Baiskeli. Matetea wekundu, wote miguu mizima. Mke mmoja, yule yule mwongo. Miguu miwili. Vidole vya miguu vinane.

Vinatosha.