Tulivyomuuguza ami yangu kule Acapulco tukimwambia ni Msambweni

Assalaam aleikum wakuu, na walio wakubwa zangu shikamooni, ingawa kwa umri wangu sidhani kama mmebaki wengi humu.

Juzi nimepita kwenye uzi mmoja, kijana anauliza fungate aende Zanzibar au aende ule mji wa Meksiko wenye fukwe, Acapulco. Mkamjaza picha za mitandaoni. Nikacheka peke yangu mpaka mjukuu akaja kuuliza, "Babu, kulikoni?"

Kulikoni ni kwamba mimi Acapulco nimefika. Miaka ya hamsini hiyo, bendera ya Mwingereza bado inapepea pale Kwale, na wengi wenu hata babu zenu walikuwa hawajabaleghe.

Nitakayoyasema niliyaona kwa macho yangu. Nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Na naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo nisisikie mtu akiniambia "fupisha mzee".

Haya.

Mimi ni mtu wa Msambweni. Ami yangu Bakari, mdogo wake marehemu baba, alikuwa baharia wa meli za mizigo. Kazi yake ilikuwa kule chini kwenye injini, kwenye joto la kumkaanga mtu. Akirudi likizo anakuja na sabuni za kunukia na khabari za miji ambayo hatukujua kama ipo. Nilikuwa nataka kuwa yeye, basi.

Akanitafutia kazi jikoni kwenye meli yake, kumenya viazi na kusugua masufuria.

Siku ya kuondoka mkewe, Bi Mishi, alinishika mkono pale mlangoni. Hakulia. Aliniambia, "Saidi, huyu unakwenda naye, urudi naye. Sitaki kanga, sitaki sahani. Namtaka mtu wangu."

Nikamwambia inshallah. Nilisema upesi upesi, kama mtu aliyeagizwa chumvi dukani.

Safari yenyewe sitawachosha nayo. Tulipita bandari nyingi, tukavuka ule mfereji wa Panama, tukatokea bahari ya upande wa pili. Ni huko ndiko Ami aliposhikwa na kifua. Mwanzo alisema ni baridi tu. Baadaye homa ikapanda, akawa hali, hanywi, anakohoa mpaka unaona huruma.

Tukafika Acapulco hali yake ikiwa hivyo.

Wakuu, niuelezeje mji ule? Ghuba imejikunja kama bakuli, milima imeizunguka, na juu ya milima mahoteli meupe. Muziki hauishi. Asubuhi watu wanapiga magitaa, mchana wanapiga tarumbeta, na jioni ndiyo wanaanza sasa. Wazungu wa Amerika wamelala mchangani wamekuwa wekundu, wanakunywa madafu kwa mirija. Wanawake wana kofia pana kama ungo. Kuna vijana wanapanda juu ya jabali refu, wanapiga ishara ya msalaba, halafu wanajirusha chini baharini, watu wanapiga makofi. Mara ya kwanza nilifumba macho nikasoma Kulhuwallah.

Lakini si hayo yaliyonilegeza. Kilichonilegeza ni harufu.

Meli yetu ilikuwa imekuja kupakia mbata. Mbata, ndugu zangu! Nazi kavu ile ile inayoanikwa kwetu kutoka Gazi mpaka Vanga. Nilishuka ngazi, harufu ikanipiga puani, nikasimama pale gatini machozi yananitoka mbele za watu. Nimezunguka nusu ya dunia, nikafika uani kwetu.

Na minazi! Vipando vya kukwelea vimechongwa kwenye shina vile vile. Na watu je? Kulikuwa na watu weusi, weusi kama mimi, wametoka vijiji vya pwani kusini mwa mji. Babu zao waliletwa utumwani zamani. Nilimwona mzee mmoja, wallahi sura ya mwalimu wangu wa chuo cha Kurani. Nikamwambia, "Shikamoo." Akanivulia kofia.

Nilitembea siku ile kama mtu aliyekula kungu akalewa.

Sasa turudi kwa mgonjwa. Nahodha hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa ratiba. Alituambia wazi: Bakari atashushwa akauguzwe nchi kavu. Mbata ikishajaa, meli inang'oa nanga. Akiweza kupanda ngazi kwa miguu yake, twende naye. Asipoweza atabaki hapo, na mimi nichague, nibaki naye au niende.

Hapo ndipo neno la Bi Mishi lilipoanza kuniuma.

Tulimshusha kwa machela. Pale gatini kulikuwa na mama mmoja muuza samaki wa kuchoma, mweusi, mnene, sauti ya kuita watu ng'ambo. Jina lake Ramona. Kumwona mgonjwa akaacha samaki wake wanaungua, akatufokea kwa Kispaniola, akaonyesha kwa mkono: mleteni kwangu. Mie nikamjibu kwa Kiswahili, "Mama, hatukujui." Akanifokea zaidi. Nadhani aliniona ni kijana wa kwao anayejitia kusahau lugha.

Nyumba yake ilikuwa upande wa nje wa ghuba, nyuma ya yale majabali, inatazama bahari kuu. Ukuta wa fito na udongo, paa la makuti. Daktari alikuja, akamdunga sindano, akatikisa kichwa, akaondoka.

Ami akafumbua macho.

Akatazama makuti. Jogoo akawika nje. Ramona alikuwa anakuna nazi, ile sauti ya kwaru kwaru mnaijua. Ami akatabasamu, mara ya kwanza tangu Panama, akasema, "Alhamdulillahi. Saidi, tumefika?"

Nyinyi mngesema nini?

Mimi nilisema, "Tumefika, Ami. Tuko Msambweni."

Basi ikawa ndiyo hivyo. Ramona alitengeneza uji wa mahindi wenye mdalasini, mimi nikautia tui. Ami, aliyekuwa hali, akanywa. Akauliza, "Uji wa nani huu?" Nikasema wa jirani. "Mwambie jirani ahsante, na aongeze sukari."

Akauliza, "Mbona Mishi haji?" Nikasema amekwenda matangani Lunga Lunga. Akauliza nani kafa. Eti nani kafa! Ikabidi nimuue mtu kwa mdomo wangu, nikamtaja bibi kizee mmoja ambaye nilijua amekwisha fariki zamani. Ami akasema, "Huyo si tulimzika?" Nikamwambia huyu ni dada yake.

Ramona alielewa mchezo bila kuambiwa. Akaingia na kitambaa kichwani, anatembea taratibu, anaweka maji pembeni mwa kitanda kwa mkono wa kulia.

Nami, wakuu, nikaanza kuuamini uwongo wangu. Asubuhi nilikuwa naimba nikichota maji. Mchana nakwenda gatini kutazama meli, napita kati ya yale magitaa na makofia na watoto wanaouza chaza, na moyoni naona nakwenda sokoni kwetu, nikirudi nitamkuta mama. Niliishi katika miji miwili kwa pamoja na sikutaka kuondoka kwa wowote. Sijapata raha ya namna ile tena, na nimeishi miaka mingi.

Mbata ilikuwa inapanda melini kila siku. Nilikuwa naona lakini sitaki kuona.

Jioni moja Ami akasema chumba kina joto. Tukakisogeza kitanda mpaka mlangoni, mimi na Ramona, apigwe na upepo, atazame bahari. Nilijiona nimefanya jambo la maana sana. Jua lilikuwa linashuka kwenye maji, jekundu, mbingu yote imekuwa rangi ya papai. Ami alitazama mpaka likazama lote. Nikadhani analeta uradi kimoyomoyo.

Asubuhi yake ikapigwa honi ya meli. Siku ya pili tunaondoka.

Ami akaniita. Sauti imekwenda chini sana. "Saidi. Kamwite Mishi sasa. Matanga gani hayaishi? Mwambie nina maneno naye."

Nikatoka nje nikaketi chini kwenye mchanga. Nilikuwa sina pa kukimbilia. Nimwambie ukweli sasa, afe na uchungu? Ramona alinitazama usoni. Sijui aliona nini. Akafuta mikono, akajifunika shela lake mpaka kwenye paji la uso kama mke wa kwetu, akaingia ndani, akaketi kwenye kigoda kando ya kitanda.

Nikasimama nyuma ya ukuta wa fito. Ningekwenda wapi?

Ami akasema naye, polepole, anapumzika kati ya maneno.

"Mishi mke wangu, nisamehe kwa safari nyingi. Yale niliyokuudhi nisamehe, na wewe nimekusamehe yote. Ule mnazi wa kisimani ni wako, asikunyang'anye mtu. Na jambo moja. Huyu Saidi ameniuguza kama mwanangu wa kumzaa. Akija mlangoni kwako peke yake, usimuulize ameniacha wapi. Mimi ndiye niliyemwambia aende. Usimtie huzuni. Umesikia?"

Ramona hakujua hata neno moja, akaitikia kwa kichwa na kulia.

Akija mlangoni peke yake? Mlango gani, ikiwa tuko Msambweni?

Ramona alipotoka nikaingia. Ami akanitazama na jicho la utani, lile lake la barazani.

"Umesikia niliyomwambia Mishi?"

"Nimesikia, Ami."

"Vizuri. Maana yule mama maskini hakuelewa kitu." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Nikamwambia, "Ami, umejua tangu lini?"

"Ee Saidi! Tangu lini jua likachwa baharini Msambweni? Kwetu linatoka baharini, linachwa bara. Mtu mzima umenitoa mlangoni umenionyesha mwenyewe."

Ndiyo, wakuu. Mtoto wa pwani, nimezaliwa naona jua linatoka majini kila siku ya Mungu, na sikuliona hilo. Nilitazama kuchwa kule kuzuri, nikaona ni kwetu.

Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Nikamuuliza mbona hakunikaripia pale pale.

Akasema, "Ulikuwa unaingia na uji huku unaimba. Tangu tuondoke Kilindini sijakusikia ukiimba. Nikaona, mtoto kafika kwao, wacha apumzike."

Halafu akanishika mkono. "Kesho panda meli. Mimi nimekwisha kukuombea ruhusa."

Nilimwambia sipandi. Akasema tutaona.

Hakuniachia nichague. Kabla ya adhuhuri ya siku ile ile alinitaka nimgeuze upande wa kibla, akatoa shahada mwenyewe, kwa sauti safi ambayo sikuisikia kwake tangu augue. Innalillahi wainna ilaihi rajiun.

Nilimwosha peke yangu. Ramona alileta shuka nyeupe, mpya. Makaburini walikuja wavuvi na wachukuzi wa mbata, watu wasiomjua. Wao walivua kofia, mimi nikavaa yangu. Nilimsalia peke yangu na wao wakasimama nyuma kimya, na kwa mbali huko mahotelini tarumbeta zinapigwa. Sikuzichukia. Mji ule ulikuwa hauwezi kunyamaza, lakini ulimpokea mtu wangu.

Ramona alinifungia samaki na mikate ya mahindi. Tulikumbatiana, Mwenyezi Mungu anisamehe, tukalia kila mtu kwa lugha yake.

Nilifika Msambweni baada ya miezi mingi. Bi Mishi alikuwa amekwisha pata khabari kutoka kwa watu wa meli. Alinikaribisha, akanipa maji, akaketi. Kweli hakuniuliza nimemwacha wapi. Hata mpaka leo sijui nani alimfikishia ule usia kabla yangu, au ni moyo wake tu.

Nikampa maneno yote, moja moja, ya msamaha na ya mnazi.

Halafu akauliza lile moja alilokuwa nalo: "Saidi, niambie kweli. Alikufa akijua kwamba yuko ugenini?"

Ningeweza kumdanganya tena, mazoezi nilikuwa nayo.

Nikamwambia, "Alijua, mama. Mimi ndiye niliyekuwa sijui."

Akanivuta, akanilaza kichwa mapajani mwake kama mtoto mdogo, na hapo ndipo nilipofika nyumbani.

Funzo nililolipata si kubwa, wakuu. Unapomkalia mgonjwa ukamtungia mambo ya kumfurahisha, mtazame vizuri machoni. Huenda yeye ndiye anayekutungia wewe.

Kama kuna aliyewahi kuuguza mtu akagundua baadaye kuwa yeye ndiye aliyekuwa anauguzwa, aandike hapa chini. Sina haraka, nitawasoma wote. Na mkimaliza kusoma, mrehemuni Ami yangu Bakari, na mama Ramona naye mumwombee kwa dini yenu yoyote.