Jina Kwenye Ubao wa Geti

Naikumbuka asubuhi moja ya Jumatatu, mwanangu, hapa hapa Kawangware, nikiwa bado kijana na mikono yangu haijaanza kutetemeka hivi unavyoiona. Jana ulinionyesha kwenye simu picha ya bango mnalotaka kuweka getini kwa shule yenu kule Kianda, lile la taa, maandishi yanakuja na kupita yenyewe. Ukaniambia, "Babu, hii itakuwa moto! Sasa tuandike nini?" Kuna jambo nililikumbuka, na jambo lenyewe halitaki haraka. Sogeza kiti.

Nilikuwa mchoraji wa mabango. Nilitoka Bungoma kutafuta kazi, nikapanga chumba kwa ploti ya Mzee Njoroge, na haikuchukua muda kinyozi, mwenye duka na muuza nyama wote walikuwa na herufi zangu mlangoni. Miaka hiyo ya sabini wazazi walikuwa wamejenga shule kwa harambee, madarasa ya mbao na mabati, kwenye kipande cha shamba alichokitoa Mzee Njoroge mwenyewe. Lakini shule ilijificha nyuma ya nyumba. Ungepita barabarani usijue ipo. Basi kamati ikataka bango kubwa la kuwekwa getini, upande wa barabara, nami nikaitwa kwenye kikao cha kulipanga.

Mzee Njoroge alikuwa mwenyekiti. Alikuwa mkarimu, Mungu amrehemu, ila alipenda mambo yaonekane. Alitaka jina la shule, nembo, maneno fulani ya Kiingereza, majina ya kamati nzima, na jina la mgeni rasmi ambaye hata hakuwa amekubali kuja. Mwalimu mkuu alikuwa mama wa makamo, Mwalimu Rahabu, mtu wa sauti ya chini sana, mpaka ulilazimika kuinama kumsikia. Alisubiri wote wamalize.

"Jina la shule likae juu," akasema. "Nusu ya chini ipakwe nyeusi, iachwe tupu. Tutakuwa tunaandika kwa chaki."

"Tutaandika nini?" Mzee akamuuliza.

"Bado sijui."

Watu wakacheka. Mzee Njoroge akatikisa kichwa. "Mwalimu, tukiweka ubao mtupu barabarani, watu watasema rangi ilituishia."

"Wacha waseme, Mzee. Majina yetu sisi tunayajua. Nani atapita hapa kesho, na atakuwa akitafuta nini, hilo hatulijui."

Mimi moyoni nilikuwa upande wa Mzee, maana fundi hupenda kazi ya herufi nyingi. Lakini hakuna aliyetaka kubishana sana na mtu anayelea watoto wao kutwa nzima. Wakakubali kwa shingo upande. Nikapaka nusu ile nyeusi, bango likasimamishwa, na kwa wiki kadhaa ubao ukakaa vile vile, mtupu, wapita njia wakiuliza kazi itamalizika lini.

Halafu Jumapili moja jioni, waumini wa kanisa moja la ngoma, wale wa kanzu nyeupe wanaotembea wakiimba barabarani, walipofika karibu na sisi waligundua wana mtoto ambaye si wao. Msichana mdogo, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Alikuwa amezifuata ngoma tangu huko alikotoka, anacheza tu nyuma yao, hakuna aliyemwona. Walimwacha kwa Mwalimu Rahabu. Tulipiga ripoti kituo cha polisi, tukaambiwa tungoje. Mtoto alijua jina lake, Akinyi, na kwamba treni hupita karibu na kwao. Tukahisi ni Kibera, lakini Kibera ungeanza mlango upi?

Jumatatu asubuhi Mwalimu akanitafuta. Akanipa chaki. "Wewe ndiye mwenye herufi nzuri. Andika: Akinyi yuko hapa. Jina liwe kubwa kuliko yote."

Nikaandika. Jina likatoka upande huu wa ubao hadi ule. Nilikuwa bado nimesimama pale napangusa vidole nilipomwona mama mmoja akija barabarani. Leso imelegea kiunoni, ndala moja mkononi, imekatika. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, akiuliza kila kanisa la ngoma. Alikuwa ameyapita mabango yangu mengi, ya kinyozi, ya duka, ya nyama, na hakuna lililomwambia kitu, kwa sababu hakujua kusoma.

Akafika mbele ya geti akasimama. Akausogelea ubao. Akaweka kidole juu ya herufi ya kwanza, akaifuata ya pili, ya tatu, midomo inatikisika, mpaka mwisho.

"Hii ni jina ya mtoto yangu," akaniambia. "Ananiandikianga kwa ukuta ya nyumba na makaa. Kila jioni. Hii tu ndio najua."

Kisha akatazama maneno mawili yaliyobaki, na nikaona uso wake unabadilika.

"Hiyo ingine inasema nini?"

Mwanangu, hapo ndipo nilipoelewa anachoogopa. Jina la mtu likiandikwa barabarani, laweza kuwa limeandikwa kwa mambo mengi, hata kwa msiba. Aliushika mkono wangu. "Nisomee pole pole."

Nikamsomea. "Yuko. Hapa."

Hakulia wala hakupiga kelele. Aliweka kiganja chote juu ya ubao, kama unavyomgusa mtoto mgonjwa kujua kama homa imeshuka, akafumba macho. Wapita njia wakasimama. Hata wale wa mkokoteni wa maji waliacha kusukuma. Nilikuwa nimeandika maelfu ya herufi maishani mwangu nikidhani ni urembo wa milango. Pale nilihisi kama mtu aliyekuwa akicheza na kitu bila kujua kina uhai ndani yake.

Mlango wa darasa ukafunguka, na Mwalimu Rahabu akatoka amemshika msichana mkono. Yaliyofuata siwezi kuyasimulia vizuri. Nitakwambia tu kwamba Mzee Njoroge, aliyekuwa amekuja kuona watu wamesimamia nini, alivua kofia yake akaishika kifuani.

Sasa nasaha yangu ni hii. Mnapoketi kupanga bango lenu la taa, msilijaze kwanza na wakubwa na picha zao. Acheni nafasi kwa neno ambalo bado halijafika. Maneno yawe machache, makubwa, ya lugha inayosemwa pale nje. Na hata taa ziwe kali namna gani, wekeni mtu pale getini, mwenye subira, wa kumsomea asiyejua kusoma bila kumwaibisha. Maana bango huongea na mtu usiyemjua, siku usiyoijua, na huenda amebeba moyo wake mkononi.

Mungu awape hekima katika kikao chenu. Kila mtoto atakayepita kwenye geti hilo asubuhi, jioni amkute mtu wake akimngoja. Na wewe, mwanangu, jina lako litajwe kwa furaha popote litakapotajwa.