Koti la Eleuterio kwenye Nguzo ya Kona

Nianze na langu, kabla majirani hawajanisemea: kitanzi nilikifunga mimi, Felipa Quisbert, katibu wa kamati ya mtaa, kwa mikono yangu hii.

Dada Basilia Ticona ndiye wa kwanza kuweka mawe ya kiwanja hapa Villa Candelaria Baja, huku juu El Alto. Ilikuwa mwaka 1986, migodi ilipofungwa na wachimbaji wakatupwa nje na familia zao. Palikuwa uwanda mtupu, nyasi ngumu na upepo. Alilala chini ya turubai na mumewe Eleuterio na mtoto wao mmoja mpaka matofali ya udongo yakakauka. Maji yalikuja na lori siku ya Jumanne, likijisikia kuja. Mimi nilifika mwaka uliofuata. Alinikuta napima mlango wangu, akaniambia nikiuweka upande ule upepo utanizika nikiwa hai. Nilibisha, na ukuta ule nikaujenga mara mbili.

Eleuterio alipata kibarua kule chini, La Paz, kwenye jengo la ghorofa kumi na nane lililokuwa ndiyo kwanza linachimbiwa msingi. Asubuhi moja ya Agosti 1988 jua liliwaka mapema, akaliacha koti lake la kahawia kwenye kiti, akaondoka. Hakurudi. Mnyapara alisema siku hiyo hakumwona. Polisi walimwambia Dada Basilia wanaume hukimbia wake zao kila siku, aende akapike. Watu wa huku juu walisema lile linalosemwa kila jengo refu linapoanza: kwamba Pachamama, mama yetu ardhi, kwa nyumba ndogo huridhika na kijusi cha llama, mnyama wetu wa manyoya, kikizikwa msingini, lakini kwa mzigo mkubwa anataka mtu. Basi hutafutwa mlevi asiye na wa kumuulizia, ananyweshwa mpaka azimie, zege linamwagwa juu yake. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba Eleuterio alikuwa na wa kumuulizia, na mkewe aliulizia mpaka miguu ikamvimba.

Kwetu mtu akifa, siku ya nane nguo zake hupelekwa mtoni, zikafuliwa na kuchomwa, ili aende zake asiwe na la kurudia. Dada Basilia hakuwa na maiti, kwa hiyo hakuwa na siku ya nane. Alizikunja nguo akazifungia sandukuni. Kila Novemba, nyumba zote zikiwapangia wafu wao meza ya mikate na matunda, yeye alifunga mlango. Mtaa ukakua huku kamba ya maisha yake imefungwa pale pale. Umeme ukaja, kisha mabomba, kisha matofali mekundu yakayafunika ya udongo. Wenye nazo wakapandisha majumba ya vioo vya kijani na rangi ya chungwa, na siku hizi vibehewa vinavyoning'inia kwenye waya vinapita juu ya vichwa vyetu vimejaa watu. Eneo lile la turubai sasa ni kona yenye maduka manne. Miaka thelathini na moja ilipita hivyo.

Pamoja na maduka wakaja wezi. Kamati ikaamua kufanya wanavyofanya mitaa mingine: kutundika sanamu la mtu kwenye nguzo, kitanzi shingoni, na kibao kifuani kisemacho mwizi akishikwa atachomwa. Nilipita nyumba kwa nyumba kuomba nguo kuukuu. Dada Basilia alikuwa sokoni. Mkwewe, Nieves, mke wa mwanawe, aliyechoka kuishi na sanduku lisilofunguliwa, alinipa furushi akisema ni matambara ya zamani. Nililitambua koti. Naliandika hili waziwazi: nililitambua, nikanyamaza, kwa sababu na mimi nilikuwa nimechoka kumwona akingoja. Nikajaza majani makavu katika suruali, shati na koti, nikakaza kamba.

Kesho yake asubuhi Dada Basilia alitoka kununua mkate akamkuta nguzoni. Nilikuwa dukani, namwona. Nilitegemea kilio, nikajiandaa kutukanwa. Alisimama tu chini ya nguzo, akainua uso, akasema kwa sauti ya kawaida ya mke nyumbani:

"Umekonda."

Nilikimbilia ngazi. Don Gumercindo, mwenyekiti wetu, akanizuia, eti tukilishusha sanamu wezi watasema tumelegea. Nikamwambia basi apande yeye avae kitanzi. Nilipokwisha kuiegemeza ngazi, Dada Basilia akaishika.

"Mwache."

"Dada, nisamehe. Namshusha sasa hivi."

"Mwache, Felipa. Miaka yote hii sijui aliko. Leo najua."

Akabaki huko juu. Upepo wa hapa haueleweki, lakini kila asubuhi tulimkuta uso umeelekea mlango wa Basilia, hata kama jioni tulimwacha ametazama barabara. Mbwa wakaacha kulala pale. Watu wakaanza kuvuka upande wa pili. Dada Basilia alimpelekea kahawa, akaiweka chini ya nguzo, akamsimulia bei za viazi na habari za wajukuu. Siku moja nilipita na kapu langu, nikajisikia nikisema, "Habari za asubuhi, don Eleuterio." Niliogopa sana siku hiyo. Niliogopa zaidi nilipojikuta nimesimama kidogo, kama ninayengoja aitikie.

Ilipofika Novemba, Dada Basilia alipanga meza. Aliipanga pale chini ya nguzo, kitambaa cheusi, mikate yenye sura za watu, mua, ndizi, glasi ya pombe. Majirani wakaja mmoja mmoja kumwombea marehemu na kupewa mkate, kama desturi. Ndipo jina lake likatajwa kwa mara ya kwanza pamoja na neno marehemu. Siku ya pili adhuhuri Dada Basilia alinigeukia.

"Mshushe sasa. Twende mtoni."

Nilipanda, nikakata kamba, nikampokea kifuani. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki mbili, majani yalikuwa makavu ya kukwaruza. Lakini alinielemea. Nieves alinisaidia kumbeba.

Mtoni tuliyatoa majani, tukazifua nguo katika kijito kile chembamba, tukawasha moto. Suruali ilikwenda. Shati likaenda. Dada Basilia mwenyewe akalitandaza koti juu ya moto, lingali limelowa, likatoa moshi mwingi. Mkono wa kushoto wa koti ulipoanza kushika moto akaniuliza polepole:

"Na akirudi kesho, Felipa, atavaa nini?"

Nilimtazama Nieves. Alikuwa analia. Nikaokota fimbo, nikalivuta koti kutoka motoni.