Maiti Aliyetaka Kuonekana Uso

Delbert Stuckey alishakufa mara sitini na moja, na hakuna kifo hata kimoja alichokifanya vizuri. Hayo aliyasema dada yake, Verna, mshonaji wa chumba cha mavazi kwenye studio moja ya sinema hapo Culver City, na Verna si mtu wa kupamba maneno. Yeye ndiye aliyetoboa matundu ya risasi kwenye magwanda, akababua kingo zake kwa pasi, akazisugua masizi. Kila shujaa aliyeanguka kwenye uwanja wa nyuma ya studio alipita kwanza mikononi mwake, mzima kabisa, anatafuna mkate.

Vita vya kweli Delbert hakwenda. Daktari wa jeshi alimkataa kwa nyayo bapa. Hata hivyo jioni alikuwa akirudi nyumbani amevaa magwanda ya studio, akichechemea kidogo ili akina mama wampishe, mpaka siku Verna alipomvua getini mbele za watu.

Watu wa kujazia picha, kama Delbert, wana sheria yao: ukipigwa risasi, anguka kifudifudi. Uso ukishanaswa na kamera, umekwisha. Aliyeonwa amekufa hawezi kuonekana kesho yake anakimbia na bunduki. Anayeficha uso huuawa Jumatatu akiwa Mmarekani, Jumatano akiwa Mjerumani, na jina lake linabaki kwenye orodha ya asubuhi.

Delbert alichoka kuficha. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili za kupiga picha za mapigano alipotangaza mezani kwamba kesho ataanguka chali, pale pale shujaa wa picha atakapopiga goti kuomba.

Verna alimkumbusha msururu wa vijana wanaosubiri kazi kila asubuhi getini mwa studio. Ukitoka kwenye orodha, hurudi. Delbert atashinda amelala kwenye kochi la dada yake mpaka lipasuke.

"Nina miaka arobaini na minne, dada," Delbert alisema. "Mama kule Nebraska ameona kisogo changu tu."

"Kisogo ndicho chenye nafuu. Mwachie hicho hicho."

Kesho yake baruti zikalia. Shujaa, bwana mmoja mwenye kidevu kikubwa na pamba masikioni kwa kuogopa kelele, akapiga goti. Delbert alikuwa ameshaanguka chali, mikono kifuani, nyusi amezikoza kwa penseli ya Verna, mdomo umetabasamu nusu.

Mwongozaji, Bwana Haldane, alisimamisha kamera. "Huyu amekufa au anasubiri busu?" aliuliza. Watu wakacheka mpaka maiti wengine wakatikisika. Jua lilikuwa linapungua, na Haldane hakutaka kuanza upya. Akaagiza wa mavazi amfunike kwa kitu chochote.

Verna alikuja na makoti mawili mkononi. Moja lilikuwa fupi, la kufunika kifua tu. La pili lilikuwa koti refu la jeshi.

Delbert akafungua jicho moja. "Lile fupi, dada. Nakuomba."

Verna alimdharau mdogo wake tangu utotoni, tangu alipokuwa anaumwa tumbo kila siku ya kuvuna mahindi. Lakini zile nyusi zilimchoma. Delbert alikuwa amezipaka mwenyewe gizani, moja imepanda juu kuliko nyingine. Mkono wa Verna ukaligusa koti fupi. Kisha akaifikiria orodha ya asubuhi.

"Maiti hachagui nguo," alisema. Akalitandaza lile refu toka magotini hadi utosini, na kola akaichomeka chini ya kichwa asije akalitikisa likaanguka.

Delbert aliitwa siku zote kumi na mbili, akauawa mara tisa, lakini hakumsemesha dada yake. Chumvi aliiomba kwa kidole. Verna akaona nyumba imepata utulivu.

Picha ilipotoka walikwenda wote wawili. Shujaa alipiga goti kando ya koti, vinanda vikalia, na mama mmoja wa kiti cha mbele akalia kwenye glavu zake. Delbert akainama kwake.

"Samahani mama. Aliye chini ya lile koti ni mimi."

Mama yule akageuka, akamtazama juu mpaka chini, kisha akamtazama Verna kama mtu anayetafuta mwenye mzigo. Akauliza kama ni kweli.

"Ni yeye," Verna alisema. "Nilimfunika mwenyewe. Hebu tazama picha."