Samaki wa Wageni

Baba yangu, Weldon Kibii, alisoma kimo cha mto kila siku kwa miaka ishirini na mitatu. Ofisi ya maji ilisimamisha ubao wa namba mtoni, ikampa daftari na kalamu, naye akaichukua kazi hiyo kama upadri. Saa moja asubuhi yuko mtoni, saa kumi na moja jioni yuko mtoni. Harusi yangu ilichelewa kwa sababu hiyo, na kinyongo changu hakijaisha. Ofisi ilipoacha kumletea madaftari, alianza kununua yake.

Mto wenyewe ni Sirwet, unaopita chini ya shamba letu. Alijua kambare hutaga wapi na fisi maji hupandia ukingo gani. Kwa hiyo kampuni moja ilipotaka kuchimba dhahabu penye kona ya mto, na ikasemekana wataalamu watakuja kwanza kukagua samaki na wanyama, chifu alimchagua yeye awatembeze. Kona ikionekana ni mazalio ya samaki, mgodi ungesogezwa. Alinipigia simu Bondeni ninakofundisha, akicheka.

"Jepleting, sasa huu mto utaandikwa!"

Nilienda nyumbani kumsaidia mama kupokea wageni. Kwetu mgeni wa maana hawezi kupewa chai tupu. Mama alishachagua jogoo wawili, lakini baba alikuwa amesikia kwamba kiongozi wa wataalamu ni mwanamke anayeitwa Adongo, mtu wa ziwa.

"Mtu wa ziwa umpee kuku?" alimwambia mama. "Akule samaki ya hapa, ajue tuko nayo."

Wiki nzima yeye na majirani wakavua, na wakavua pale pale kwenye kona, maana ndiko waliko wakubwa. Samaki walijaa kwenye friza ya duka la jirani yetu Maxwel. Hakuna aliyesema ngoja kwanza. Mimi mwalimu, mwenye cheti, nilikaa na kisu nikiwapasua. Wengi walikuwa na mayai. Niliwatupia paka.

Wageni walikula wakashiba. Adongo alilamba vidole. "Mathe, hii imeshinda ya kwetu," alimwambia mama, na baba akaangalia pembeni ili tusione alivyofurahi.

Kesho yake wakatega nyavu. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili, visamaki viwili vya urefu wa kidole. Fisi maji hawakuonekana hata nyayo, kwa kuwa ukingo wote ulikuwa umekanyagwa na miguu yetu.

"Lakini si mmekula juzi?" baba aliuliza. "Zile zilitoka hapa. Hapa hapa!"

Adongo aliweka karatasi zake chini. "Najua, mzee. Lakini report inataka samaki wa kwa net. Wale wa kwa sahani siwezi andika."

"Basi mrudi mvua ikinyesha, zitakuwa zimepanda tena."

"Tumepewa siku tatu tu."

Nilimchukia Adongo, na bado namchukia kidogo, ingawa nilimwona akifuta macho kabla ya kuingia kwenye gari.

Baada ya miezi miwili rasimu ya ripoti ilisomwa barazani: kona ya Sirwet haina samaki wa kutosha kuzuia mradi. Baba akasimama, kofia mkononi.

"Mto hauna makosa," alisema. "Mimi ndiye nilimaliza hizo samaki. Nilitaka wageni wakule vizuri. Andikeni mimi."

Karani aliandika. Niliamini, na mama aliamini, kwamba maneno hayo yangeokoa kitu.

Ripoti ya mwisho ilipotoka, baba aliniomba nimsomee, miwani yake haimsaidii tena. Nilisoma hadi sehemu ya maoni ya wananchi. Hapo imeandikwa kwamba mkazi mmoja mzee amekiri kuwa wenyeji wenyewe wamemaliza samaki kwa kuvua kupita kiasi, hivyo hasara hiyo isihesabiwe kuwa ya mgodi.

Ningeweza kuuruka mstari huo. Asingejua. Lakini nilikuwa na hasira na nikausoma wote, kwa sauti, na baba akaniuliza kwa upole huyo mkazi ni nani.