Filamu Alizosimuliwa Mama Mkwe

Madereva wenzake walimpa jina la Breki kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbiza lori. Wenzake walipokuwa wakipitana kwenye kona kama watu wanaofukuzwa, yeye alikuwa nyuma huko, dirisha wazi, anajiimbia. Alifika wakati wao wameshaoga na kulala. Kwa hiyo habari zilipoenea kwamba Breki amevunjika mguu, kila mtu aliuliza lori limepinduka wapi. Halikupinduka popote. Lilikuwa limesimama uani kwenye ghala, limezimwa, na yeye alikuwa juu ya mzigo akifunga turubai. Kamba ikakatika, akashuka bila ngazi.

"Umeendesha miaka yote hiyo salama, unakuja kupata ajali gari likiwa limezimwa," mkewe alimwambia hospitalini, akicheka na kujifuta machozi kwa wakati mmoja.

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, na Breki naye akarejea kwake na plasta kuanzia kidoleni hadi juu ya goti. Nyumba yenyewe aliijua kama mgeni anavyoijua nyumba ya wageni: mlango, kitanda, bafu. Sasa akaanza kuijua kweli. Barazani mkewe, Mama Pacha, alikuwa na cherehani yake, akishona sare za shule tangu asubuhi. Mabinti zao pacha walikuwa shule ya bweni. Na sebuleni, kwenye kiti cha karibu na dirisha, alikaa mama mkwe.

Bibi huyu alihamia kwao mwaka uliotangulia, baada ya mtoto wa jicho kumfunika macho yote mawili. Mwanga aliuona. Mtu akipita mbele yake aliona kivuli. Basi. Daktari alishasema ni upasuaji mdogo, mtu anaingia asubuhi na kutoka mchana, lakini bibi alikataa katakata. "Jicho si kifungo," alisema, "kwamba likidondoka litashonwa lingine." Mama Pacha alibembeleza mpaka akachoka.

Kati ya Breki na mama mkwe wake hapakuwa na ugomvi wowote. Palikuwa na heshima, na heshima ile ilikuwa nzito kama kabati: hakuna aliyejua aishike wapi aisogeze.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Safari?"

"Salama tu, Mama."

Hapo mazungumzo yalikuwa yamekwisha hadi safari nyingine.

Siku za mwanzo wageni walimiminika na machungwa na pole. Kisha wakapungua, na Breki akabaki na dari. Aliitazama hadi akaijua kila alama ya mvua iliyovuja. Alipoichoka dari, akahamia barazani na magongo yake, akaanza kumpangia mkewe nyuzi kwa rangi bila kuombwa. Mteja akija kupima nguo, yeye anamuuliza ametokea njia gani na kwa nini hakupita njia ya mkato. Siku moja alimwelekeza jirani kuegesha gari, kata kulia, rudi, rudi kidogo, mpaka jirani akagonga nguzo ya taa.

Mama Pacha alikomesha mambo hayo kwa kuingia chumbani na kutoka na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Aliutua mapajani mwa mumewe.

"Kazi yako hii hapa, Baba Pacha."

Zilikuwa filamu. Kwa miaka mingi, kwenye vituo ambako malori hulala, madereva walibadilishana filamu kama watu wengine wanavyobadilishana tumbaku. Zamani zilikuwa diski, baadaye fleshi ndogo kama kucha. Mtu akiisifia filamu, Breki aliomba nakala. "Nitaiangalia nikitulia," alisema kila mara, akaitupia mfukoni. Hakutulia hata siku moja. Deni la filamu likawa linakua chini ya kitanda, na mkewe akiupita mfuko ule na ufagio wiki baada ya wiki.

Alianza siku hiyohiyo baada ya chakula cha mchana. Alipunguza sauti ili asimsumbue mama mkwe. Wakati watu wawili walipoanza kupaziana sauti kwenye skrini, bibi aligeuza kichwa.

"Mbona wanagombana?"

Breki alishtuka. Hakuwahi kuulizwa naye swali lisilohusu safari. Filamu ilikuwa ya kigeni, na maandishi ya chini yalikuwa katika lugha aliyojifunza mipakani kwa kubishana na watu wa forodha.

"Ni ndugu, Mama. Wanagombania shamba la baba yao."

"Mkubwa yupi?"

"Mwenye ndevu."

"Mwanangu, mimi ndevu nitazionea wapi?"

Breki akaona aibu. Kisha akasema, "Huyu mwenye sauti nzito ndiye mkubwa." Bibi akasogeza kiti chake. Kiti kile kilikuwa hakijatoka dirishani tangu afike.

Ikawa hivyo kila alasiri. Mwanzoni Breki alisimulia kwa kubana, kama mtu anayejibu polisi wa barabarani. Polepole ulimi ukalegea. Kumbe alikuwa na maneno mengi aliyokuwa ameyabeba peke yake barabarani. Ikitokea gari kwenye filamu, bibi aliletewa gari zima: idadi ya matairi, rangi ya moshi, na kwamba dereva wake ni mjinga maana mteremko ule haushukwi kwa gia kubwa. Ikitokea mvua, aliambiwa inapiga kutoka upande gani. Lakini akitokea mwanamke aliyevaa, mambo yalikwama.

"Kavaa nini?"

"Gauni, Mama."

"Gauni gani?"

"Gauni tu. La bluu."

"Mabegani limekaaje? Mikono imebana au imefura?"

Breki aliinama mbele akakodoa macho. "Imeshonwa," alisema mwishowe.

Barazani cherehani ilisimama. Mama Pacha alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye mashine, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Mama yake ndiye aliyemfundisha ufundi. Kabla macho hayajamwacha alikuwa akiitazama nguo ya mpita njia mara moja tu, akarudi nyumbani na kuikata bila kipimo. Na sasa alikuwa akiletewa nguo za dunia nzima na mtu ambaye kwake kila vazi lilikuwa turubai.

Wiki hizo ilitokea filamu moja iliyokuwa na mtoto mgonjwa, na mtoto yule akafa. Breki alisimulia kama ilivyokuwa. Jioni bibi hakugusa chakula, na kesho yake kiti kilirudi dirishani. Mama Pacha alimnong'oneza mumewe kwamba kabla yake yeye palikuwa na mtoto mwingine, wa kiume, na kwamba mama yake hamtaji kamwe.

Breki aliumia kuliko alivyoumia mguu. Alikaa akifikiri. Alasiri iliyofuata akawasha filamu nyingine na kuanza kuisimulia kwa sauti bila kuombwa, mpaka bibi akashindwa na kusogea. Tangu siku hiyo hakuna aliyekufa tena katika nyumba ile. Watu walipigwa risasi wakapona. Bwana mmoja wa reli aliendelea na safari zake hadi mwisho wa filamu. Meli ilizama na abiria wote wakajua kuogelea. Bibi aliwahi kuuliza mbona hawa wa leo wanalia hivyo, akajibiwa ni machozi ya furaha.

Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mwanamke mwenye nyumba ya wageni mlimani. Mumewe anaondoka na nyumbu wa mizigo kuvuka theluji kwenda kuleta chakula, na mke anamngoja majira yote ya baridi. Mwishoni, alisimulia Breki, mume anatokea juu ya nyumbu, kofia imejaa theluji, na mke anatoka mlangoni bila viatu. Bibi aliomba aisikie tena. Akaomba tena. Mara ya tatu akauliza, "Siku hiyo mke amevaa nini?"

"Shali, Mama. Na gauni lina... lina vitu hapa." Breki aligusa kifua chake.

"Vitu gani? Marinda? Vifungo? Kamba?"

"Vitu tu."

Bibi alivuta pumzi ndefu. Kisha akaita kwa sauti ya mtu aliyekwisha amua.

"Mama Pacha. Nipelekeni kwa huyo daktari. Nimechoka kuona kwa macho ya dereva."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na bibi huyu alishtuka njia nzima. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji alimshika mkwewe mkono kwa nguvu.

"Wanasema nitakuwa macho wakati wananifanyia."

"Ndiyo, Mama. Lakini jicho linatiwa ganzi. Husikii maumivu."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Hapa kwenye benchi. Siwezi kukimbia hata nikitaka." Aliinua gongo moja.

Bibi akacheka kidogo, akaingia. Breki alikaa kwenye benchi na mkewe hadi muuguzi alipofungua mlango na kuwaambia yote yamekwenda sawa.

Bandeji ilipotolewa kesho yake, bibi alitazama kwanza mikono yake, akiigeuza juu na chini. Akamtazama binti yake kwa muda mrefu, akamrekebisha kola. Kisha akamgeukia mkwewe.

"Una mvi," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nilikuacha kijana." Akasogea karibu azione vizuri. "Hazijakukaa vibaya."

Jicho la pili lilifanyiwa baadaye, nalo likakubali. Daktari aliporuhusu televisheni, bibi hakuwa na mjadala: ile ya mlimani. Breki alijaribu kuitafuta kwa namna ya kutoipata. Alisema fleshi imeharibika. Mama Pacha, ambaye hakujua kitu, akaja akaichomeka na ikafunguka mara moja.

Wakaangalia. Bibi alikuwa ameinama mbele, akinong'ona, "Kumbe ni kamba, zinafungwa mbele, zinapishana." Breki alikuwa akitazama plasta yake. Mwisho ukafika. Theluji ikatulia. Mlango wa nyumba ya wageni ukafunguka, mke akatoka bila viatu, na njiani akaja nyumbu, peke yake, kamba inaburuzika.

Bibi akaegemea kiti chake.

"Nyumbu amekuja mtupu," alisema bibi.

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ulimpandisha mtu."

"Nilimpandisha. Nisamehe, Mama."

"Na kofia ile yenye theluji?"

"Niliitunga."

Bibi alijifuta macho mapya kwa ncha ya kanga, taratibu, kama alivyoelekezwa na daktari. Breki alisubiri aseme amedanganywa, na ingekuwa haki. Lakini mabega ya bibi yakaanza kutikisika, na kicheko kilichotoka kilikuwa cha msichana.

"Na ile meli?"

"Walizama, Mama. Karibu wote."

"Na yule bwana wa reli?"

"Huyo alikufa mapema. Nilihangaika naye sana."

Walicheka mpaka Mama Pacha akaja kuuliza kuna nini. Kicheko kilipopungua, bibi alishika mkono wa mkwewe, kwa wepesi, kama mtu anayepima kitambaa. "Nilikuwa na mtoto," alisema. "Angekuwa na umri wako." Akamtaja jina, na binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni, akalisikia kwa mara ya kwanza. Akaketi chini palepale, na mama akasimulia tangu mwanzo: alivyokuwa anatembea, alivyopenda kupanda juu ya vitu, alivyougua. Hakuficha mwisho wake.

Kabla plasta haijatolewa, gauni la kamba zinazopishana lilikuwa limeshachorwa na bibi kwa chaki kwenye kitambaa cha bluu, kushonwa na kuning'inizwa barazani. Mwalimu mmoja aliyekuja kuchukua sare alisimama mbele yake, akalizunguka, akaagiza la kwake. Akaleta wenzake. Mama Pacha, aliyekuwa na kazi msimu wa shule tu, akaanza kukataa wateja kwa kukosa nafasi ya kukatia.

Breki alipoweza kusimama bila magongo, alimwendea tajiri wake na kuomba njia za karibu, zile ambazo vijana hawazitaki kwa sababu hazina posho ya kulala. Alikubaliwa kabla hajamaliza kueleza. Siku moja kabla ya kurudi kazini aliung'oa mlango wa zamani wa stoo, akaupiga randa, akaufungia miguu minne, na kuuingiza barazani uwe meza ya kukatia. Mama mkwe alipitisha kiganja juu ya mbao kutafuta vibanzi, akapata kimoja karibu na kona.

"Hapa bado," alisema. "Lete msasa, mwanangu, nikuonyeshe."

Akaleta. Wakasugua pamoja, kila mtu upande wake, huku Mama Pacha akikunjua kitambaa.