Watoto wa Chancelle Hawahesabiwi

Kila alfajiri, kabla hajatoka kwenda kusafisha maofisi, Chancelle alipita kitanda kwa kitanda akimgusa kila mtoto kichwani na kumtaja jina. Majina tu. Idadi hakuitamka hata siku moja, maana kwao Uvira mama anayehesabu watoto anakionyesha kifo mlango.

Taabu ilianzia hapo. Mwaka 2003 aliomba nyumba kubwa zaidi, kwa kuwa ile ya Stratford, aliyopewa na serikali ya Waingereza, ilikuwa na vyumba viwili na watoto walilala wamepangana kama dagaa. Ofisi ya nyumba ikamtuma dada mmoja, Jennifer, akauliza watoto wako wangapi. Chancelle akajibu wapo, Mungu asifiwe. Jennifer akaandika aliowaona: Anne, binti wa kwanza wa Chancelle, na wadogo zake. Kizito na Ulrich, watoto wa marehemu dada yake Chancelle, walikuwa kanisani kwenye kwaya.

Ofisi ilipokuja kuwajua, ikasema amewaficha. Kuna nyumba Croydon, nzuri, ina hata bustani, lakini ni ya Chancelle na aliowazaa. Wale wavulana watatafutiwa familia nyingine, kila mmoja na yake. Akikataa, hata Stratford atatoka, kwani sheria hairuhusu watu wengi vile katika vyumba viwili.

Kanisani kila mtu akawa na lake. Wengi walimshauri achukue nyumba, wavulana watakuja Jumapili kusalimia. Armelle, mwimbaji mwenzake, akasema Waingereza huzaa wawili wakaongeza mbwa, na mbwa naye ana kitanda chake. Watu wakacheka. Kizito ndiye aliyewapeleka wadogo shuleni Chancelle akiwa kazini. Bila Kizito hakuna kazi, na bila kazi sufuria haipandi jikoni. Lakini hata hilo halikuwa kubwa kama hili: angemwita mtoto mgeni wa Jumapili kwa ulimi gani?

Akaenda Southall kwa Mzee Jaswant, Singasinga mzaliwa wa Nairobi ambaye Chancelle alikuwa akimsafishia duka. Mzee akamwambia kwa Kiswahili chake cha Nairobi kwamba vyumba vya juu ya duka vinavuja kidogo, ila yeye mwenyewe alikulia nyumba iliyojaa watoto, kwa hiyo lete wote.

Siku ya kutoa jibu akaenda ofisini na watoto wote. Generosa, Mtanzania wa ghorofa ya chini, akafuatana nao ili amtafsirie. Jennifer akaeleza kwa upole kuwa sheria hakuitunga yeye, lakini leo lazima jibu lipatikane.

"Mama Anne," Generosa akamnong'oneza, "taja tu idadi ya uliowazaa, mwenzangu, yaishe."

"Nihesabu, halafu nimtoe nani?"

Generosa akageuka kuwatazama watoto.

"Mwambie hivi," Chancelle akaendelea. "Mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu. Nyumba ikiwa ndogo, tunahama nyumba. Hatupunguzi batoto."

Generosa akatafsiri.

Chancelle akaweka funguo za Stratford mezani, akasimama. Jennifer akamwomba aketi kwanza, wazungumze. Hakuketi. Akamshika Ulrich mkono, Kizito akambeba mdogo wa mwisho, wakatoka mlangoni mmoja mmoja, wakavuka barabara kwenda kupanda treni ya Southall. Ofisi ile haikumwona tena.